Kibuyu Nilichokiosha

Kila nikifungua mtindi wa dukani, ule uchachu hunirudisha jikoni kwa bibi, kule Ole. Mdogo wangu alikuwa akiharisha siku ya tatu, na tumboni mwake hakikukaa kitu ila mtindi wa bibi. Nami, kwa kutaka kusaidia, nikakisugua kibuyu chake kwa sabuni na maji ya moto mpaka kikanukia maua.

Bibi alikinusa, akaketi kitako.

“Umekikosha, mjukuu wangu? Humu ndimo ilimokuwa mbegu ya kugandishia maziwa.”

Mama alipata kijiko cha mbegu kwa jirani, lakini maziwa yasingeganda mpaka kesho yake. Mchana kutwa nilikaa mkekani, kiganja juu ya tumbo la mdogo wangu. Kila pumzi yake ilipochelewa, nami niliizuia yangu.