Injini Iliyozima Honi Iliponyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana pale Same hakunipa spana. Alinipa ncha mbili za koili ya rilei, akaniambia nizishike sawasawa.

"Shikamoo, mzee," nikasema. Hofu ilinisahaulisha kwamba nilikuwa nimeshamwamkia.

"Marahaba kwa mara ya pili," akacheka, akagusisha nyaya za betri kwenye ncha zile nilizoshika. Sikusikia kitu, betri ya gari dogo haimrushi mtu. Lakini alipoziondoa, mikono yangu iliruka yenyewe.

"Umeona, binti? Umeme haukukupiga ulipoingia. Umekupiga ulipokatwa."

Rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili iwashe kitu kinachokula umeme mwingi, kama honi au feni. Ndani yake mna koili, waya mwembamba uliosokotwa. Umeme ukipita humo hujenga usumaku. Ukikatwa ghafla, usumaku ule huporomoka na kusukuma volti nyingi kinyume, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mkuu alikulia milimani, kando ya ndiva, yale mabwawa ya kumwagilia waliyoachiwa na wazee. "Maji yanayokimbia mferejini ukiyaziba ghafla yanakurukia kifuani," aliniambia. "Yaachie njia ya pembeni." Njia hiyo kwetu ni dayodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Hufungwa sambamba na koili ili nguvu ile izunguke humo na kuisha taratibu.

Kutoka Same nilihamishiwa Kihurio, kwenye matrekta ya mpunga, kisha Maore, kwenye magari ya hospitali. Magari ya zamani yalivumilia mengi. Yalipokuja yenye kompyuta ya injini, kile kisanduku kinachoamua mafuta yaingie lini, mruko mdogo wa volti ulitosha kukivuruga.

Gari la wagonjwa tulilokuwa nalo lilianza kuzima njiani. Likiwa karakana halikuzima hata mara moja. Eliamini, dereva wake, alichoka kuonekana mwongo.

"Panda naye," Msimamizi wa Magari akaniagiza. "Gari halitaumwa mbele yako hapa kivulini."

Tulipanda asubuhi hadi Bombo, kijiji cha mlimani, kumchukua Nakundwa, mama kijana ambaye mtoto wake alikuwa amekaa kimshazari tumboni. Mkwe wake, mama mnene mwenye kanga mbili, aliketi nyuma akimshika kichwa. Tulipoanza kushuka, ukungu ulikuwa umelala barabarani kama maziwa. Migomba ilitokea, ikatutazama, ikapotea. Nakumbuka niliona kama hatusogei, kwamba mlima ndio uliokuwa ukipanda taratibu kutupita.

Kona ya kwanza Eliamini akapiga honi, kama kila dereva wa milimani. Injini ikazima. Usukani ukawa mgumu, breki zikawa nzito, akalisimamisha gari kwa mguu wote. Akaliwasha. Kona ya pili, vilevile. Mara hii tairi lilisimama ukingoni, na chini yake niliona weupe mtupu.

"Piga tena hapa tuliposimama," nikamwambia. Akawasha, akabonyeza. Honi ikalia, injini ikaendelea. Akaachia. Injini ikafa.

Hapo nikajua. Nilichomoa rilei ya honi. Ilikuwa mpya, ya bei nafuu, isiyo na dayodi.

"Sasa halitazima," nikasema.

"Na lori likipanda?" Eliamini akauliza. "Taa hazivuki ukungu huu, fundi. Bila honi tutagongana."

Nyuma, Nakundwa aliguna, kisha akanyamaza. Ukimya ule ulitutisha kuliko kilio.

Mkwe wake akashusha kioo. "Endesha, mwanangu," akasema. Akatoa kichwa nje, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kichasu, lugha ya kwao, kwa sauti iliyojaza bonde. Kila kona alipandisha sauti. Nami nikashusha kioo changu nikamwitikia, ingawa maneno sikuyajua yote. Sauti zetu zilikwenda mbele, zikagonga miamba, zikaturudia kana kwamba kuna watu wengine wakitusubiri chini.

Kwenye kona moja nyembamba tulilikuta lori la tangawizi limesimama pembeni kabisa, limezimwa. Dereva wake alikuwa amevua kofia.

"Nilidhani ni msafara wa kanisa," akasema tulipompita.

Tulifika hospitali. Nakundwa akapasuliwa, mtoto wa kiume akalia, mama akapona. Jioni nikalehemu dayodi kwenye rilei, upande wenye mstari ukielekea chanya, na gari halikuzima tena.

Sasa nimestaafu. Asubuhi naamka mapema bila sababu, nasikiliza magari yakipita Same, na mara nyingine natambua kwa sikio gari lipi linaumwa wapi. Vijana wakija nawaeleza. Wasipokuja, nakaa tu na sauti hizo.

Mwaka jana nilipanda Bombo kumtembelea Nakundwa. Akanikarimu, tukakaa, akaniuliza kilichotokea siku ile, maana hakuna aliyewahi kumsimulia. Nikamsimulia. Akaweka kikombe chini.

"Mimi niliona weupe tu," akasema. "Nikasikia mkwe anaimba. Nikajua nimekufa, ndiyo mnanipeleka. Basi nikaanza kuwasamehe watu, mmoja mmoja."

"Na ulipozinduka?"

Akacheka, akaniongezea chai.

"Nilikuta nimeshawamaliza wote."