Siku Jepkosgei Alipoipima Bastola

Jepkosgei hajawahi kukimbia mbio zozote maishani mwake, na amechoka kulieleza jambo hilo. Kila Mkanada akisikia jina lake na kwamba kwao ni Kapsabet, swali linalofuata ni medali ngapi. Yeye hujibu kwamba shuleni alikuwa akichelewa kama wenzake, tena kwa kutembea. Ni mwanamke mfupi, mwili umejaa, na viganja vyake ni vidogo kama vya mtoto wa darasa la tano. Kwa viganja hivyo amelinda kwa miaka sita gari la chuma linalosafirisha fedha za mabenki na maduka mjini Toronto, bastola kiunoni, na kazi hiyo anaifanya kwa maringo yasiyofichika. Sare yake haijawahi kuguswa na pasi ya mtu mwingine. Asubuhi akiingia kwenye lifti ya jengo lao pale Thorncliffe Park, majirani humpisha, naye hupishwa bila kuona haya.

Basi mtu wa namna hiyo alipofeli mtihani wa shabaha mwezi wa Mei, hakumwambia yeyote. Hata binti yake hakujua. Kila mwaka mlinzi lazima apige risasi hamsini na kupata alama themanini kwa mia, la sivyo hapandi gari. Jepkosgei alipata sabini na sita. Bastola ya kampuni ilikuwa pande la chuma la zamani, kitako chake kinene, na kidole chake kilifika kwenye kifyatulio kwa ncha tu. Miaka mitano alikuwa amepenya kwa alama moja, mbili, na kila mwaka alirudi nyumbani akiamini kwamba mkono wake ndio mbovu. Sasa alikuwa amebakiza nafasi moja, Ijumaa ya mwisho ya Juni. Akifeli hapo, atanyang'anywa silaha na kushushwa kwenye gari. Atakaa kwenye kibanda cha geti la kampuni, pale Downsview, awe anawafungulia wenzake wakitoka na kuwafungulia wakirudi.

Aliyejua siri hiyo, mbali na meneja, alikuwa Jovito, fundi wa silaha. Jovito ni Mgoa aliyezaliwa Pangani, Nairobi, mzee mkavu mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na kila mara anaitafuta ile ya kichwani. Kiswahili chake ni cha Nairobi ya zamani, na kule karakana hakuna aliyekielewa ila Jepkosgei, kwa hiyo wawili hao walikuwa wakisengenya mbele ya watu mchana kweupe. Jovito alimwita mama, kwa heshima, ingawa angeweza kumzaa. Jepkosgei alimwita Mwalimu.

Mwezi huo wa Juni kampuni iliamua kubadilisha bastola. Raia wa kawaida hawaruhusiwi tena kununua bastola nchini Kanada, lakini kampuni za ulinzi wa fedha hupewa kibali, na zikishanunua, zimenunua. Bastola ambayo wangepewa sasa wangeibeba miaka kumi na mitano. Wakala wa silaha akaleta moja ya kujaribu. Ilikuwa ndogo, nyeusi, imenyooka, aina ambayo watu wa kazi hiyo huitaja kwa kushusha sauti kidogo, na bei yake ilitosha mbili za kawaida. Dale, meneja wao, aliishika mara moja tu na ikawa hasikii haambiwi.

"Tukiinunua hii," Dale alimwambia Jepkosgei, "utafanya mtihani wako kwa hii hii. Nitasogeza tarehe."

Jepkosgei aliitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa habari za hali ya hewa. Kisha akaenda msalani akafunga mlango, akaegemea ukuta, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Dale alidhani kuijaribu bastola ni kwenda uwanjani na kupiga. Hakumjua bado Jovito vizuri. Siku ya kwanza haikupigwa hata risasi moja. Jovito alitandika kitambaa cheupe cha meza, akahakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ya risasi ni tupu, akaifungua bastola vipande vipande na kuvipanga kama mtu anayepanga vyombo vya mgeni. Aliupima mtutu kwa sababu sheria haitaki mfupi kupita kiasi. Alizifinya springi. Aliirudisha, akaifungua tena akiwa amefumba macho. Alikaa nayo kwenye kiti cha gari la chuma, mkanda umefungwa, akaichomoa mara arobaini kuona kama inakwama kwenye mkanda. Jioni aliandika maneno matatu tu kwenye daftari: mpaka hapa, nzuri.

Siku ya pili alichukua glavu nne za majira ya baridi, akazilowesha kidogo, akazitia kwenye friza ya chumba cha kulia, juu ya sambusa za mtu. Nje ilikuwa joto la kuvua shati.

"Jovito, tuko Juni," Dale alisema.

"Mimi najua," Jovito alijibu. "Jambazi wa Januari hajui."

Alichagua watu watatu wa kupiga. Wawili walikuwa Khalil na Bahadur, mabingwa wa kampuni, wanaume wenye viganja kama sinia. Wa tatu alimtaja Jepkosgei, na Dale akakunja uso.

"Huyo si ndiye aliyefeli?"

"Ndiyo maana namtaka," alisema Jovito. Kisha akamgeukia Jepkosgei, kwa Kiswahili: "Mama, usiogope. Hapa hatukupimi wewe. Tunapima chuma."

Uwanjani Khalil na Bahadur walitangulia. Walipiga kwa mkono mtupu, wakapiga kwa glavu zilizoganda, mkono mmoja, mkono mwingine umebeba mfuko wa mchanga kwa sababu kazini mkono huo huwa na mfuko wa fedha. Wakarudi wakitabasamu. Khalil alisema hiyo si bastola, ni harusi.

Ikawa zamu ya Jepkosgei. Alipokishika kitako kile, vidole vyake vilikutana upande wa pili. Kidole cha shahada kilikaa juu ya kifyatulio bila kunyooshwa, bila kuombwa. Akapiga hamsini. Karatasi ilipoletwa karibu, katikati palikuwa na tundu moja kubwa lililochanika. Tisini na sita. Khalil aliitazama karatasi, akamtazama yeye, akaitazama tena. Mabega ya Jepkosgei yalipanda yenyewe na kifua kikajaa. Miaka sita. Miaka sita yote mkono wake ulikuwa mzima, na hakuna aliyemwambia.

Kisha akavaa glavu. Zilikuwa ngumu kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Akainua mfuko wa mchanga kwa kushoto, akapiga ishirini kwa kulia. Risasi zote ziliingia kwenye duara jeusi. Dale alishaanza kupiga makofi.

Lakini risasi ya kumi na nne ilikuwa na jambo. Jepkosgei alifinya, kifyatulio kikakaa kimya. Alipokiachia kidole mbele zaidi ndipo kikarudi mahali pake, na alipofinya tena ikalia. Ilikuwa nukta tu, kiasi cha kupepesa jicho. Waliokuwa nyuma yake hawakuona lolote, na karatasi isingesema, kwa sababu hata hiyo ya kumi na nne ilikuwa ndani.

Jovito aliwauliza wote swali moja, kila mtu kwa zamu: umesikia nini mkononi? Khalil alisema safi. Bahadur alisema safi.

"Mama?"

Jepkosgei alivua glavu taratibu, kidole kimoja kimoja. Alitaka kusema safi. Neno lilikuwa limeshakaa ulimini. Angelitamka, Dale angetia saini siku hiyo hiyo, mtihani ungesogezwa, na yeye angeupita akipiga miayo. Kwani nani angejua? Labda ilikuwa glavu tu. Labda ilikuwa yeye. Akamwona Bahadur, ambaye ndiye dereva wake, anakunywa maji na kumchekea. Kila siku ya baridi Bahadur hushuka kwanza na kumpa mgongo, akiamini kwamba nyuma yake kuna mtu na kuna silaha. Jepkosgei aliona hasira, hasira hasa, kwa bastola nzuri namna ile kumfanyia vile siku ile.

"Mwalimu, ya kumi na nne ilichelewa."

"Ilichelewa aje?"

"Nilifinya, ikakataa. Nikaachilia kidole zaidi, ndio ikakubali."

Jovito alimtafsiria Dale. Dale akashusha pumzi. Alisema mabingwa wawili hawakuona tatizo, na kwamba huenda mtu aliyefeli mwezi uliopita si wa kutegemewa sana. Jepkosgei alihisi uso unawaka, lakini hakuinamisha macho.

"Tuseme ni mimi," alimwambia Dale kwa Kiingereza. "Basi apige Mwalimu."

Jovito alivaa glavu zile zile na kupiga thelathini, polepole, kidole kikiwa mahali ambapo Jepkosgei alikuwa amekiweka. Zikachelewa nne. Akaiweka chini, akaitoa risasi, akawaonyesha: duara la chuma linalokinga kifyatulio lilikuwa jembamba, na mshono wa glavu ukiganda ulijibana hapo ndani na kukizuia kisirudi mbele. Kisha Khalil akakohoa.

"Mimi pia ilinitokea," alisema. "Mara mbili. Nikadhani ni kidole changu."

"Na wewe ukanyamaza," alisema Jovito.

Jitu zima lile lilikuwa linaangalia viatu vyake.

Bastola ilirudishwa kwa wakala. Ripoti za Jovito huwa na jina moja chini, lake, tangu miaka kumi na tisa. Hiyo ilikuwa na mawili, na la juu lilikuwa la Jepkosgei. Dale aliisoma, akatia saini ya kukataa, akasema nyingine italetwa vuli. Mtihani ulibaki Ijumaa, kwa pande la chuma la zamani.

Siku tatu zilizobaki Jepkosgei alifika kazini saa moja kabla ya wenzake, na Jovito alikuwa anamsubiri uwanjani na chupa ya chai. Hawakubadilisha bastola, walibadilisha mshiko. Kiganja kilizungushwa kidogo upande wa kulia, kidole kikapata nafasi. Mshiko wenyewe haukupendeza macho, na kitabu cha mafunzo kingeukana.

"Mwalimu, huu si utaratibu," alisema Jepkosgei.

"Utaratibu uliandikwa na mtu wa mikono mirefu," alisema Jovito. "Piga."

Mwezi wa Mei alikuwa amesimama kwenye mstari ule akiomba. Ijumaa hiyo hakuomba kitu. Alijua mkono wake ni mzuri, alikuwa ameuona kwa macho yake kwenye karatasi iliyochanika, na mtu akishajua hivyo, chuma kibaya kinabaki kuwa chuma kibaya tu. Kiganja kilimuuma, jasho likamwingia machoni, risasi tano za mwisho zikatawanyika. Walipojumlisha, walijumlisha mara mbili. Themanini na mbili.

Dale alimpa kibali chake kipya mwenyewe, kwa mkono. Alisita kidogo kabla ya kukiachia.

"Na kama ungefeli?" aliuliza. "Na njia rahisi ulikuwa nayo, kusema safi tu."

"Ningekaa getini," Jepkosgei alisema. "Lakini kila gari ambalo ningelifungulia, ningeweza kumtazama dereva machoni."

Akakichukua kibali, akakitia mfukoni, akaenda zake. Bahadur alikuwa ameshawasha gari.