Senene Niliowala kwa Siri

Kwetu Muleba, wanawake walikaanga senene, wale panzi wa msimu wa mvua, lakini hawakuruhusiwa kuwala. Tuliambiwa kwamba atakayewala atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha mdudu huyo. Mwaka ambao kijiji chetu kiliandikishwa kuwa cha ujamaa, nikiwa na mimba ya kwanza, nilijiuliza ni nani aliyewahi kumwona mtoto wa aina hiyo. Nikala konzi moja jikoni, halafu nikaishi na hofu hadi siku ya kujifungua.

Pale hospitali ya Rubya nilimpapasa binti yangu kichwa kabla ya kumtazama usoni. Kilikuwa cha mviringo. Nikalia kwa furaha, nikamsimulia mama yangu yote.

Mama, aliyewakaangia wanaume senene maisha yake yote, alinisogelea sikioni.

“Mwanangu,” akanong'ona, “wana ladha gani?”