Mchanga Ndani ya Mtutu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba mtutu wa bunduki husafishwa kama sufuria.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikiishi mjini Baraka kwa mjomba wangu, kaka wa mama. Alikuwa mwindaji, na posta ya Fizi, yaani kituo cha serikali, ilikuwa imempa bunduki ili azuie viboko wasimalize mpunga wa watu kando ya ziwa. Kazi ya kuisafisha alinipa mimi, kwa sababu alijua sivumilii kitu kibaki na doa. Shule niliiacha darasa la tano. Tangu hapo nilijifundisha mwenyewe kutengeneza saa, baiskeli na cherehani, na nilijisifu moyoni kwamba sihitaji kuonyeshwa jambo mara mbili. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana nauliza.

Vyombo vya bunduki vilikaa ndani ya kopo la bati: fimbo ya shaba ya vipande vitatu vya kuunganisha, brashi ndogo ya nyuzi za shaba, vitambaa vya pamba na chupa ya mafuta. Mjomba alinionyesha mara moja tu. Kwanza maji ya moto, halafu brashi, halafu kitambaa kikavu, mwisho mafuta kidogo. Fimbo iingie kutoka nyuma, risasi inapoingilia, isipitie kamwe kwenye mdomo wa mtutu. Sababu hakuieleza, nami sikuuliza.

Lakini kitambaa changu cha mwisho kilitoka kila mara na kivuli cha kijivu. Mtu mwingine angeona inatosha. Mimi kilininyima usingizi. Nikaamua kwamba shaba ni laini mno kwa kazi hii. Mke wa mjomba alikuwa akisugua sufuria zake ufukoni kwa mchanga mwembamba mpaka unaona uso wako ndani yake. Basi nikatafuta chuma chembamba cha ujenzi, nikakizungushia kitambaa, nikakichovya katika mafuta na mchanga ule, nikasugua kutoka mdomoni, maana huko ndiko nilikoona vizuri ninachofanya. Nilifanya hivyo Jumamosi tatu, mjomba akiwa sokoni. Jumamosi ya tatu kitambaa kikatoka cheupe. Nilikitazama kwa furaha.

Juma lililofuata mjomba alimlenga kiboko dume aliyekuwa ameharibu mashamba ya familia nne. Ilikuwa asubuhi, maji yametulia, na kichwa kilikuwa wazi hatua thelathini kutoka tulipokaa. Risasi ya kwanza ilipiga maji upande wa kushoto. Ya pili ilikwenda mbali zaidi. Mwenzake wa mawindo, mtu wa mizaha, alisema mnyama yule alale bila wasiwasi, kwa kuwa mahali salama kuliko pote ni pale mjomba anapolenga. Watu walicheka. Mjomba alifuta uso wake.

Mwindaji hodari akikosa karibu namna ile, kwetu watu hawaangalii bunduki kwanza. Wanaangalia nyumba yake. Mume akiwa mawindoni, mke aliyebaki hagombani na mtu, hatoi moto wa jikoni kwake, wala hamjui mwanaume mwingine. Akivunja mojawapo, risasi hupotea. Jioni ile wawindaji wenzake walikuja kumuuliza mke wa mjomba amefanya nini.

Alisema hajafanya kitu. Siku ya pili waliuliza tena. Siku ya tatu akakubali kwamba alimpa jirani kaa la moto. Wakamnawisha kwa maji yenye majani, nyumba ikahesabiwa kuwa safi, na mjomba akarudi ziwani. Akakosa tena.

Hapo mambo yaliharibika kabisa. Mwenzake yule hakutania tena. Alimwambia mjomba mbele yetu kwamba mwanamke anayekiri kosa dogo amefunika kubwa. Ikaamuliwa arudishwe kwa kaka zake, huko Fizi mlimani, siku ya Jumatatu.

Na mimi nilijua. Siku ile ya risasi mbili za kwanza nilikuwa nimeutazama mtutu kwa ndani, nikiuelekeza kwenye jua. Karibu na mdomo, ile mistari inayozunguka na kuielekeza risasi ilikuwa imelika upande mmoja. Nilielewa palepale. Kisha nikanyamaza siku nane. Nilijiambia labda si mchanga, labda kweli nyumbani kuna jambo. Nikaanza kumchunguza mama yule, mke wa mjomba: anakwenda wapi, anasalimiana na nani, amechelewa wapi. Nilitamani akutwe na kosa. Hilo linaniaibisha kuliko chuma, kuliko mchanga.

Jumapili mchana aliniita nimfungie mzigo wake, kwa kuwa mafundo yangu hayafunguki njiani. Nilishika kamba. Nikaiacha chini, nikaenda kuchukua bunduki, nikampelekea mjomba uani.

"Muyomba, kosa si ya mama," nikasema. "Iko yangu."

Nikamweleza yote. Alichukua risasi moja, akaingiza ncha yake kwenye mdomo wa mtutu. Badala ya kukaa imara, ilicheza kama jino bovu.

"Ulijua tangu siku gani?"

"Tangu siku ya kwanza."

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Hakupandisha sauti.

"Ile moto sikumupa mutu," alisema. "Nilikubali juu ya bwana yangu apate kulala. Na we ndiye ulinishikia beseni ya ile maji ya majani."

Ni kweli. Nilikuwa nimeishika mimi.

Jumatatu aliondoka hata hivyo, kwa hiari yake, na mzigo aliufunga mwenyewe. Mjomba alimfuata baadaye na mbuzi, pamoja na yule mwenzake, na wote wawili waliomba radhi mbele ya kaka zake. Mke alirudi mpunga ulipokwisha kuvunwa, na mpunga wenyewe ulikuwa kidogo. Bunduki ilirudishwa posta. Nilikwenda nayo mimi, nikaeleza mbele ya karani nilivyoiharibu. Mjomba alipopewa nyingine, akaisafisha mwenyewe.

Sasa nina miaka ishirini na mbili na ninatengeneza baiskeli tu. Mke wa mjomba hujibu salamu yangu, lakini hajanituma kitu tena. Nikiharibu mali ya mtu, ninamwambia siku hiyohiyo, kabla sijajaribu kuitengeneza.