Asili Tano na Marafiki Wasiokuwapo

Wakati wa vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, nilikuwa mwalimu Garissa, mgeni kutoka bara niliyewahubiria wanafunzi umuhimu wa ujirani huku mlango wangu haubishwi hodi. Jumapili moja nilichora duara la asili tano za Wachina: mti huzaa moto, moto udongo, udongo chuma, chuma maji, na maji mti. Nikajiita Mti. Nne zilizobaki nikawagawia watu wa mtaani kwa majina, nikatuunganisha kwa mishale, nikajiona nina jamaa.

Askari waliopekua nyumba wakaikuta karatasi. "Mtandao wa shifta huu," alisema inspekta, akawaita wote wanne.

Nilijitetea kwa mhadhara mrefu wa falsafa. Akanipuuza, akamgeukia Halima, mchota maji, niliyemwandika Maji.

"Huyu ni rafiki yako?"

"Wallahi, afande, mimi naleta maji tu. Hata jina yake sijui."

Muuza chai, mfyatua matofali na mhunzi wakajibu vivyo hivyo.

Inspekta akanirudishia karatasi kwa upole ulioniuma kuliko pingu.

"Nenda nyumbani, mwalimu. Nimethibitisha huna mtu."