Wattie Aliyebadilishwa kwa Mashine ya Nyasi

Watu wa Kilmorran wakimsifu mume wangu Wattie mbele yangu, mimi naangalia pembeni. Eti huyo ndiye mtu mwenye mapenzi ya kweli. Mapenzi kwa nani? Kwa timu. Na timu yenyewe ni Kilmorran Rovers, ambayo tangu nizaliwe haijashinda hata kikombe cha chai.

Arusi yetu iliahirishwa mara mbili kwa sababu ya mechi. Mara ya tatu mchungaji akasema basi iwe Jumatano. Wattie akaja kanisani amevaa viatu vya njumu, maana walikuwa na mazoezi saa kumi. Kila hatua, ko, ko, ko. Mama yangu akaniinamia, "Ina, mwanangu, unaolewa na farasi?"

Tena mchezaji mbaya! Miaka kumi na moja beki wa kushoto, goli hana. Kukimbia kwake ni kama mtu anayebanwa na haja.

Sasa wakati ule nyasi za uwanja wetu zilikuwa zinakatwa na kondoo wa Struthers, muuza nyama, ambaye ndiye mwenyekiti wa timu. Kondoo anakula mbele, anaacha nyuma. Siku tunacheza na Auchendree, wale wa huko juu mlimani, Wattie akakanyaga kilichoachwa, akateleza kwa makalio kama sabuni, mpira ukamgonga matakoni, ukaingia wavuni kwao. Goli lake la kwanza. Kipindi cha pili akateleza tena. Goli lingine. Kocha wa Auchendree, Lennox Baird, mtu wa miwani minene kama chini ya chupa, akaona ni ufundi.

Wiki hiyohiyo ligi wakatuma barua: kondoo watoke, nyasi zikatwe na mashine kabla ya Oktoba, la sivyo Rovers inafutwa. Mashine tutoe wapi? Baird alikuwa nazo mbili. Akamwambia Struthers: nipe Wattie, nikupe mashine, ile ya kukalia.

Struthers akaja kwangu kofia mkononi. Wattie anakunywa supu ya shayiri.

"Wattie, ndugu yangu, tunakuomba uondoke."

"Niende wapi?"

"Auchendree."

Kijiko kikaanguka. "Bora nife."

"Ukifa hatupati mashine."

"Struthers, mimi nimezaliwa hapa! Mistari ya uwanja ule aliipaka baba yangu!"

"Ndiyo maana imepinda. Sikiliza bwana. Ukibaki, Oktoba hakuna Rovers. Ukienda, Rovers ipo, ila wewe hutakuwamo. Chagua."

Akaanza kulia, mwanamume mzima, machozi yanaingia kwenye supu. Mimi nikamuuliza Struthers kuhusu nyumba. Akasema Auchendree wanampa mchezaji nyumba ya bafu ndani, maji moto bombani. Sisi choo kilikuwa uani, tunachangia na ukoo wa McPhail, na wale McPhail walikuwa tisa.

"Anaenda," nikasema.

"Ina, niache nifikirie."

"Fikiria huku unafunga mizigo."

Tukaenda. Nilioga siku ile mpaka vidole vikawa kama zabibu kavu. Wattie yeye alikuwa analala na jezi ya Rovers ndani ya pajama, akidhani sijui.

Wiki ya tatu, mechi: Auchendree na Rovers, palepale Kilmorran. Wattie wetu amevaa rangi za watu, uso kama amelamba ndimu. Na nyasi zimekatwa safi, hata pa kuteleza hapana. Bila kwa bila mpaka dakika za mwisho. Hapo mpira ukamfikia Wattie, na Hamish, golikipa wa Rovers, yuko chini amelala kifudifudi. Goli wazi. Hata mimi na sketi yangu ningefunga.

"Piga!" nikapiga kelele. "Piga, mjinga wewe! Kumbuka bafu!"

Akaniangalia. Akamwangalia Hamish. Akainama, akaokota mpira kwa mikono yake miwili, akaupangusa kwa mkono wa jezi, akampa.

"Shika kaka, umedondosha."

Baird alimkokota kwa kola mpaka kwa Struthers. "Chukueni takataka yenu! Nirudishieni mashine!"

Struthers alikuwa ameikalia. "Mashine ipi? Hii? Aa, hii imeshazoea hapa."

"Na huyu?"

"Huyu naye tunamchukua."

Wattie akanijia mbio, anacheka kama mtoto. "Ina! Tunarudi nyumbani!"

"Unarudi wewe," nikamwambia, nikapanda basi la Auchendree.

Nikajifungia kwenye ile nyumba. Baird akaandika barua, kusoma mimi si mwepesi, nikawashia jiko. Akaleta polisi, nikafungulia maji nisisikie. Kila Jumapili Wattie anapanda mlima kwa miguu, maili sita, anapiga magoti nje, anaongea kwenye kitundu cha barua mlangoni.

"Tumefungwa manne, Ina, lakini tulicheza."

"Sijakuuliza."

"Hamish kavunjika kidole."

"Kipi?"

"Cha shahada. Rudi, mke wangu."

"Nenda zako, unaingiza baridi."

Mwezi wa tatu tangu nijifungie, Jumamosi moja, watu wa Baird wakaja kung'oa mlango, na mimi nimo kwenye maji. Nikamaliza kuoga kwanza. Nilipotoka, Wattie alikuwa amesimama kwenye theluji na toroli, kakopa kwa akina McPhail. Akapakia sanduku langu, akanifunga skafu yake shingoni.

"Tufanye haraka kidogo," akasema, "mechi saa tisa."

Sikumsemesha mpaka Jumanne.