Neno la Baharini Nililojifanya Nalijua

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau: siku niliyoipandisha meli ya vita juu ya fungu la mchanga, jua likiwaka, kwa mikono hii hii unayoiona kila mwaka ikipura ufuta.

Wengi hapa Mkotokuyana wananijua kama mkulima wa korosho na ufuta tu. Lakini kabla magoti hayajaanza kulalamika nilikuwa mwanamaji. Nilitumikia miaka kumi na mitatu kwenye meli moja ya doria, ya rangi ya kijivu, yenye mzinga mmoja mbele na watu wasiofika arobaini ndani. Na kwa kuwa wewe, Somoe, mjukuu wangu ninayekuita mwanangu kwa sababu nimekulea, umepata barua ya kwenda mafunzoni jeshini, leo nakueleza jambo nisilopenda kulieleza.

Nilikwenda kule nikiwa kijana wa Kimwera. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani na cha soko la Nachingwea, na maji mengi niliyowahi kuyaona yalikuwa ya mto Mbwemkuru ukijaa masika. Wenzangu wa pwani walinicheka kila nilipotamka neno. Hawakuwa na ubaya, vijana ndivyo walivyo, ila mimi kila kicheko kilinichoma. Nikajitafutia dawa: nikiambiwa nisilolielewa, naitikia kwa kichwa na kusema, "Nimeelewa, afande."

Mmoja tu aliijua siri yangu. Aliitwa Joachim, kijana wa Mnero, na kwa kuwa tulitoka upande mmoja tulikuwa kama ndugu. Alikuwa akiniambia, "Mwanakwetu, uliza. Mficha uchi hazai." Nami nikimjibu kwamba nitauliza kesho. Kesho hiyo, mwanangu, haikufika.

Kwa kuwa nilikuwa na mkono mtulivu, nilipewa usukani. Ofisa wangu wa zamu alikuwa Afande Bakari, mtu wa Kilwa, aliyezaliwa katika ukoo wa mabaharia. Utaratibu ulikuwa kwamba yeye anatoa amri, mimi nairudia kwa sauti, kisha ndipo nageuza. Kwa kawaida alisema kulia au kushoto. Lakini akibanwa na jambo, ulimi wake ulirudi kwao, akasema joshi na demani. Joshi ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakoelekea. Alitueleza wiki ya kwanza, haraka haraka, akauliza kama yupo ambaye hajaelewa. Nilinyamaza kama wenzangu wote. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wameelewa.

Siku hiyo tulipata taarifa kwamba boti ya abiria imezimika injini na upepo unaisukuma kuelekea kwenye miamba. Tukaenda mbio. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, na upande mmoja kulikuwa na fungu la mchanga lililojificha chini ya maji. Tulikwisha kuiona ile boti, hata rangi za kanga za akina mama zilionekana. Mama mmoja alikuwa amemnyanyua mtoto wake juu ili tumwone. Afande Bakari akasema, "Lete joshi." Nikarudia kwa sauti ya kujiamini, "Joshi, afande," nikageuza demani.

Meli ilikwama kwa kishindo. Masufuria ya jikoni yakamwagika. Joachim, aliyekuwa juu akiandaa mashua ya kuokolea, alirushwa kwenye chuma, mkono ukavunjika. Na ile boti ipo mbele yetu, kama kutoka hapa hadi zahanati, nasi hatuendi mbele wala nyuma.

Kapteni hakuuliza nani amekosea. Alisema, "Watu kwanza." Wakashusha mashua, wakaenda safari tatu huku mawimbi yakiwapiga, hata mpishi akashika kasia. Joachim, mkono umefungwa kwa shuka, alikaa ukingoni akiwapokea watoto kwa mkono uliobaki. Wote waliokolewa, yule mama na mtoto wake wakitangulia. Safari ya mwisho ilipomalizika, boti ile iligonga mwamba ikapasuka.

Tukiwa tunasubiri maji yajae, kapteni alituita. Afande Bakari akasimama, akasema, "Nadhani amri niliitoa vibaya. Kosa ni langu." Aliamini hivyo kabisa, kwa sababu alinisikia nikiirudia sawasawa.

Mwanangu, ningeweza kunyamaza. Mzee wa watu angevuliwa cheo, nami ningeendelea kula ugali wangu. Nilimtazama Joachim. Alikuwa akiuangalia mkono wake. Ndipo nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Afande hakukosea. Mimi sijui joshi ni wapi. Sijawahi kujua."

Hakuna aliyecheka. Afande Bakari alinisogelea, akasema taratibu, "Selemani, ungeniambia hujui, ningekufundisha kwa dakika moja. Ukaniambia unajua. Sasa umefundishwa na mchanga, na ada ameilipa Joachim."

Kisha akamgeukia kapteni. "Na mimi ninalo langu. Nimetumia maneno ya nyumbani kwetu mbele ya mtu ambaye si wa kwetu."

Tangu hapo amri zikawa za kulia na kushoto tu, na kila askari mgeni alitakiwa aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Mimi nilipewa adhabu ya kusugua kutu miezi mitatu, na kila jioni Afande Bakari alikuja kunifundisha maneno ya bahari, moja moja, kama anayemlisha mtoto. Joachim mkono wake haukunyooka tena. Akaacha bahari, akarudi Mnero kulima. Nilipomwendea kumwomba radhi alisema, "Nilikusamehe palepale uliposema."

Na meli? Maji yalipojaa ilijinasua. Ikatengenezwa, ikarudi kazini miaka mingi. Iliwafukuza wavuvi wa baruti, ikapeleka dawa visiwani, ikaokoa watu nisioweza kuwakumbuka wote. Mwishoni mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha washika usukani. Vijana wa bara niliwajua upesi, maana nilijua vile vichwa vinavyoitikia. Siku iliposhushwa bendera kwa mara ya mwisho na meli ikastaafishwa, nililia bila kujificha.

Basi, Somoe, shika haya. Kutojua hakumwaibishi mtu, ila kujifanya unajua kutawaumiza na wasiokuwemo. Kuuliza si ujinga. Ukikosea, sema mapema kabla mwingine hajatwishwa mzigo wako. Na ukimsikia mwenzako akitamka vibaya usimcheke, kwa sababu unayemcheka leo atanyamaza siku mtakapohitaji aseme.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi usioona haya kuuliza, akukutanishe na wakubwa wenye subira, na akurudishe Mkotokuyana salama, ukiwa na mengi ya kunifundisha mimi.